Chumba cha Bei Nafuu cha Mtukufu Rais

Ipo nchi moja ambayo ramani zake zote ziko kwa mpiga chapa, zikisubiri mto uidhinishwe. Kwa sababu hiyo siwezi kumwonyesha msomaji mahali ilipo. Ninachoweza ni kueleza kwa mpangilio mambo yaliyotokea huko, bila kuongeza chumvi, kwa kuwa huko chumvi nayo huongezwa kwa kibali.

Katika Mji Mkuu wa nchi hiyo aliishi Bi Nyamizi, matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Binti wa kaka yake, Mashavu, alikuwa anaolewa Jumamosi huko Kimbwelu, mji ulio mwisho wa Mto Lunyere. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi mkubwa amfunge kanga kiunoni na kutamka mbele ya watu, "Huyu namtoa." Shangazi mkubwa akikosekana, kazi hiyo humwangukia shangazi mdogo. Shangazi mdogo, Bi Sikudhani, alikwisha kutangaza kwamba yeye hamtoi. Bwana harusi alipokwenda kujitambulisha alikula paja la kuku, na katika nyumba ile paja ni la Bi Sikudhani.

Basi ilikuwa lazima Bi Nyamizi afike Kimbwelu kabla ya Jumamosi mchana. Vinginevyo hakuna harusi.

Barabara ya Kimbwelu ilikuwapo, tena ya lami. Ilikuwa imekamilika vizuri mno, kiasi kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga kabla haijazinduliwa. Uzinduzi ulikuwa unasubiri mkasi. Ule wa kwanza uliingia ubutu kwenye mazoezi ya kukata utepe, na kamati ilikuwa nje ya nchi mwaka wa pili sasa ikitafuta mwingine. Kwa hiyo watu wenye haraka walisafiri kwa meli ya matembezi ya taifa, Fahari ya Lunyere, ambayo huteremka mto taratibu ikisimama kila penye kiboko ili watalii wapige picha.

*

Bwana Kihwelo, Afisa Mgao wa Vyumba, alimpokea Bi Nyamizi kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka chumba cha bei ndogo kuliko vyote."

"Vyumba vyetu vyote ni vya bei nafuu, mama. Ila vingine ni nafuu kwa abiria na vingine ni nafuu kwa shirika."

Akamweleza. Vyumba vya ghorofa ya juu vilikuwa na baraza. Huko abiria alilipia upepo. Vya kati vilikuwa na dirisha lisilofunguka. Huko alilipia mwanga. Vya chini kabisa, vilivyokuwa chini ya usawa wa maji, havikuwa na kitu. Huko alilipia mlango.

"Mlango unafungika?"

"Unafungika vizuri. Kufunguka ndiyo kazi."

"Nipe hicho. Naenda harusini, siendi kutazama maji. Maji nimeyaona."

"Kuna cha katikati, hakiyumbi sana. Na kuna cha kando ya injini, hicho bei yake iko chini zaidi kwa sababu ya kelele."

"Nimelala na wasichana themanini bwenini maisha yangu yote ya kazi. Injini itanibembeleza."

"Unasafiri peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi utalipia vitanda viwili."

Bi Nyamizi akamtazama kwa lile jicho ambalo enzi zake lilizima redio bila kuguswa. "Kwa nini?"

"Chumba kina vitanda viwili, mama. Kimoja utakilalia. Cha pili hakitalaliwa, na kitanda cha taifa kisipolaliwa lazima kilipiwe hasara hiyo."

"Kwa hiyo vyote viwili ni vyangu."

"Kisheria, vyote viwili."

"Rudia, hawa wa kwenye foleni wasikie."

Bwana Kihwelo akarudia. Bi Nyamizi akalipa na kwenda nyumbani kufunga mizigo.

*

Juma hilo lilikuwa Wiki ya Kubana Matumizi, ambayo katika nchi hiyo huadhimishwa kwa siku kumi na mbili. Katika kilele cha sherehe Mtukufu Rais alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kiongozi ni mtu wa chini. Kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa juu kabisa, ni wajibu wangu kuwa chini kabisa. Nitasafiri hadi Kimbwelu kwa meli ya wananchi, katika chumba chenye bei ndogo kuliko vyote."

Makofi yalikuwa marefu. Yalianza kupungua pale mawaziri walipoielewa hotuba.

Kila waziri alipaswa kuwamo katika msafara, na kila mmoja alihitaji chumba. Lakini waziri atakayelala katika chumba cha bei kubwa kuliko cha Rais atakuwa amejikweza. Atakayelala katika chumba cha bei ileile atakuwa amejilinganisha. Na atakayetafuta cha bei ndogo zaidi, hata kama kingepatikana, atakuwa ameshindana na Mkuu wa Nchi katika unyenyekevu, kosa ambalo adhabu yake ni ubalozi katika nchi ya baridi.

Iliundwa kamati, chini ya Waziri wa Mito na Heshima, Mheshimiwa Dakta Injinia Balozi Mpangala. Udakta wake ulikuwa wa heshima na uinjinia wake ulikuwa wa hisani. Ubalozi aliupata kwa njia iliyokwisha kuelezwa. Kamati ilijifungia katika hoteli ya kando ya ziwa ili kulitazama suala la kubana matumizi kwa utulivu, na ilipotoka ilikuwa na jibu.

"Tumechunguza bei zote," Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Bei ya juu ni kiburi. Bei sawa ni dharau. Bei ya chini ni ushindani. Wataalamu wetu wamebaini kwamba njia pekee ya kutomzidi Rais, kutolingana naye na kutompungukia ni kutolipa kabisa. Kutolipa si bei."

Hivyo mawaziri wote, makatibu wao, na wake wa makatibu wao, walipewa vyumba vya ghorofa ya juu na ya kati bure, kwa ajili ya heshima. Watalii walihamishiwa Wiki ya Kubana Matumizi ya mwaka unaofuata. Chini nako kulifanyiwa marekebisho madogo. Kuta za vyumba kumi na viwili vya bei nafuu zilibomolewa ili kupata chumba kimoja cha bei nafuu chenye nafasi ya kutosha, kikatandikwa zulia, na injini ikaagizwa ipunguze sauti.

*

Bi Nyamizi alifika bandarini Alhamisi asubuhi na sanduku lake. Bwana Kihwelo alikuwa anamsubiri, akifuta jasho.

"Mama, chumba chako kimepanda."

"Kimepandaje na kiko chini?"

"Kiko chini palepale, ila hadhi imepanda. Kwa sasa hakuna raia mwenye cheo cha kulala mle."

"Nipe cha juu basi."

"Vya juu vimejaa waheshimiwa. Wamo bure."

"Na mimi niweke bure."

"Mama yangu, wao hawalipi kwa sababu wanamheshimu Rais. Wewe utakuwa hulipi kwa sababu gani?"

"Basi rudisha hela yangu."

Bwana Kihwelo alitazama huku na huku, asisikiwe. Shirika lilikuwa na dirisha la kupokelea fedha. Dirisha la kurudishia halikuwahi kuchorwa na msanifu.

"Hilo, mama, hata tukitaka hatujui linaanzia wapi."

"Nina harusi Jumamosi. Siondoki hapa." Akalikalia sanduku lake katikati ya zulia jekundu, mahali ambapo Rais alitakiwa kupita.

Aliitwa Waziri Mpangala, naye akamwita mwanasheria wa serikali. Mwanasheria alisikiliza pande zote, akauliza juu ya vitanda, akafikiri.

"Kitanda cha kwanza kinatwaliwa kwa manufaa ya umma," alisema. "Hicho kina sheria. Lakini cha pili kililipiwa kwa sababu hakilaliwi. Hatuna sheria ya kutwaa kitanda kisicholaliwa. Bado ni chake."

"Kwa hiyo aingie chumbani kwa Rais?" aliuliza Waziri.

"Aingie, kwa sharti moja. Asikilalie."

"Sina shida," alisema Bi Nyamizi. "Nitakikalia."

Ndivyo Fahari ya Lunyere ilivyong'oa nanga ikiwa na Mtukufu Rais upande mmoja wa chumba cha bei nafuu, na upande wa pili, nyuma ya pazia la heshima, mwanamke wa makamo aliyeketi kitandani na sanduku miguuni. Pazia lilifungwa wakati wa kulala tu. Wakati huo Bi Nyamizi alihamia kiti cha korido, akalala hapo.

*

Meli ilikuwa haijamaliza hata kona ya kwanza Rais alipogundua kasoro.

"Dirisha liko wapi?" aliuliza. "Wananchi watanionaje?"

Waziri Mpangala alipanda mbio kwa nahodha. Nahodha Mbwara alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote.

"Mheshimiwa, chumba kile kiko chini ya maji. Tukitoboa dirisha, mto utaingia ndani."

"Mto uko chini ya wizara yangu."

"Utaingia hivyohivyo."

"Nitaushusha." Waziri alichukua simu na kuamuru Bwawa la Umoja, lililoko juu ya mto, lifungwe. "Maji yakishuka kimo cha mtu, ukuta wa chumba utakuwa hewani. Hapo tunatoboa. Ni hesabu ndogo."

"Mheshimiwa, meli inaelea. Maji yakishuka, nayo inashuka."

Waziri alimkazia macho. "Kwa ruhusa ya nani?"

Ukatolewa waraka ulioikataza meli kushuka, nakala ikabandikwa mlingotini. Kisha bwawa likafungwa.

Mto ulishuka. Meli ilishuka nao, hatua kwa hatua, kinyume cha waraka, hadi ikakaa kwenye tope. Mto uliendelea kushuka peke yake, ukakonda, ukawa kijito, na hatimaye madimbwi. Ukuta wa chumba cha bei nafuu ukatokeza hewani ukiwa umeshika magugu.

"Mnaona?" alisema Waziri Mpangala.

Likatobolewa dirisha pana lenye fremu ya dhahabu. Rais alilipenda. Alikaa mbele yake na kuupungia mkono ukingo wa mto.

"Sasa tuondoke," alisema.

Hapo ndipo nahodha alipomweleza Waziri, kwa sauti ya chini, kwamba meli haiwezi kuondoka bila maji. Waziri akasema bwawa lifunguliwe. Nahodha akamkumbusha kwamba maji yakirudi yatapitia dirishani, na yatamkuta Mtukufu Rais amekaa mbele yake.

Waziri alijikunyata kama mtu anayesikia baridi ya mbali. Kisha akatoa maelekezo. Injini iungurume palepale. Mabaharia wakimbie kutoka upande huu kwenda upande ule ili meli iyumbe. Na wanakijiji wa kando ya mto wakusanywe, kila mmoja abebe mgomba, wapite mbele ya dirisha kwa mstari, kutoka mbele ya meli kuelekea nyuma, wazunguke na kupita tena, ili Rais aone ukingo unakwenda.

*

Ijumaa baada ya chai, Rais alikuwa dirishani na Bi Nyamizi kitandani pake, ameketi wima kama siku ya ukaguzi.

"Mama, unauonaje ukingo wetu?"

"Naona mtu amebeba mgomba."

"Kilimo hicho."

"Ndiye yuleyule wa asubuhi. Kofia ileile, na mbuzi wake nyuma."

"Huo unaitwa uwiano, mama. Zamani mahali pamoja palikuwa na mgomba na mbuzi, pengine hapana. Sasa kila mahali kuna mgomba mmoja na mbuzi mmoja. Tumeifanyia kazi sana hiyo."

Bi Nyamizi hakubishana. Wasichana wake wa bwenini waliwahi kumweleza mambo makubwa kuliko hayo.

"Unakwenda Kimbwelu kwa shughuli gani?"

Akamsimulia: harusi, kanga, na mdogo wake Sikudhani na lile paja. Rais alisikiliza kwa makini asiyowapa mawaziri.

"Huyo Sikudhani ni upinzani," alisema.

"Ni mdogo wangu, Mtukufu."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Harusi ni kesho mchana. Tutafika?"

"Nimearifiwa tuko mbele ya ratiba."

Bi Nyamizi akasimama, akaenda dirishani, akamsubiri mwenye kofia.

"Bwana wewe, mwenye mgomba. Simama kidogo."

"Siruhusiwi kusimama, mama. Mimi ni mandhari."

"Basi niambie huku unatembea. Kimbwelu ni mbali gani?"

Lakini alikwisha kupita. Wakapita wengine na migomba yao, kisha akarejea tena kutoka mbele.

"Ukifuata mkondo uliokauka, kwa mguu, ukitoka alfajiri adhuhuri uko sokoni," alisema, akapita.

Mbuzi naye akapita. Bi Nyamizi alisubiri mzunguko mwingine.

"Na kwa meli je?"

"Meli haiendi, mama. Imekaa tangu jana. Hata sisi miguu..." Sehemu iliyobaki ya jibu ilikwenda naye.

"Amesema nini?" aliuliza Rais.

"Amesema meli haiendi."

"Nimearifiwa inakwenda."

"Mandhari imeniarifu vingine."

Rais aliutazama ukingo. Mgomba mmoja ulipita umebebwa kichwa chini.

"Mama," alisema taratibu, "nikijua kwamba meli haiendi, itanibidi nimfukuze Mpangala. Mpangala ameoa kwa mama mkwe wangu. Nikimfukuza, mama mkwe atahamia Ikulu kuja kulia. Kwa hiyo mimi sijasikia."

"Na mimi nikitoka hapo dirishani kesho alfajiri?"

"Hilo nalo sitaliona."

"Sanduku langu ni zito."

"Nitakushikia," alisema Mtukufu Rais.

*

Na kweli alimshikia. Kabla jua halijachomoza Bi Nyamizi alikanyaga kitanda chake kisicholaliwa, akapitisha mguu mmoja, akapitisha wa pili, akatua kwenye tope lililokwisha kukauka. Mkuu wa Nchi akamteremshia sanduku kwa mikono yake miwili, bila itifaki.

"Kutakuwa na pilau?" aliuliza.

"Itakuwapo. Na kachumbari. Njoo basi, baba, dirisha ni pana, umelitoboa mwenyewe."

Rais alitazama kushoto na kulia kwa mkondo mkavu.

"Ningependa sana, mama. Ila niko safarini."

Wabeba migomba walikuwa wanajipanga kwa zamu ya asubuhi. Mwenye kofia alimsalimu Bi Nyamizi na kumuuliza anakwenda wapi. Akamwambia. Akamuuliza watapika nini. Akamwambia hilo pia. Mwenye kofia akawageukia wenzake, wakashauriana kidogo, na mstari wote ukageuka kuelekea Kimbwelu. Migomba waliibeba hivyohivyo, kwa kuwa walikuwa wameamriwa kuibeba na hakuna aliyewaambia waitue.

*

Rais alipokaa dirishani baada ya chai aliona ukingo umetulia. Hapakuwa na mgomba, mtu wala mbuzi. Alitazama kwa muda wa kutosha, kisha akasimama na kufunga vifungo vya koti.

"Meli imesimama," alisema. "Tumefika."

Waziri Mpangala alifungua kinywa. Kusema kwamba hawajafika kungemlazimu kueleza kwa nini. Akakifunga.

Rais alishuka, akawashukuru wananchi wa Kimbwelu kwa kujitokeza kwa wingi, ingawa pale palikuwa na viboko wawili tu waliokwama dimbwini, na akaisifu bandari yao kwa utulivu wake. Kabla hajamaliza hotuba ilikwisha kutolewa amri, kwa redio, kwamba mahali aliposimama Mtukufu Rais ndipo Kimbwelu, kuanzia saa hiyo.

*

Huko kwenye mji ambao hadi asubuhi hiyo uliitwa Kimbwelu, Bi Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha bibi harusi. Muda ulikuwa umewadia. Upande wa bwana harusi ulikuwa unatazama saa, na Mashavu ndani alikuwa ameanza kulia, tena si kile kilio cha desturi.

"Mara ya mwisho nauliza," alisema mshenga. "Shangazi, unamtoa?"

Bi Sikudhani alivuta pumzi. Wakati huohuo watu wa uani wakaanza kusogea, kwa sababu shamba zima la migomba lilikuwa linaingia kwa miguu, na mbele yake yuko Bi Nyamizi na viatu mkononi.

"Sogea hapo mlangoni," alimwambia mdogo wake.

"Umechelewa, dada."

"Sijachelewa. Meli ndiyo imechelewa, mimi nimekuja."

"Umechukua chumba cha bei rahisi. Nakujua."

"Nimechukua. Sogea."

Bi Sikudhani akasogea. Bi Nyamizi akaingia, akamfunga Mashavu kanga kiunoni, akamshika mkono na kumleta mlangoni mbele ya watu wote.

"Huyu namtoa," alisema, na vigelegele vikafuata.

Pilau ilipoanza kupakuliwa, Mkuu wa Wilaya alifika akitweta, mikono mitupu, redio ikizungumza peke yake ndani ya gari lake. Alitangaza kwamba shughuli zote zisimame. Kimbwelu imehamishwa, na hakuna harusi inayoweza kufungwa mahali ambapo hapapo.

"Imehamia wapi?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Juu ya mto. Mtukufu Rais yuko huko sasa hivi, anaihutubia."

"Na hapa tulipo ni wapi?"

Mkuu wa Wilaya alitazama nyumba, msikiti, soko, na shule aliyosomea. Alizaliwa nyuma ya soko hilo.

"Hapa," alisema, "bado hatujapokea maelekezo."

Bi Nyamizi akamvutia kiti.

"Basi kaa ule, baba, kabla hayajafika."

Mkuu wa Wilaya alifikiri juu ya wadhifa wake, kisha akanawa mikono.